Mtumba wa Meja

Mabruki alipotaka kuniacha hakuniita chumbani. Alikuja nyuma ya pazia la duka, nikiwa na kiatu cha mtu mapajani, akaniambia niweke chini sindano. Nikaiweka. Akasema, "Mwamvita, nimekupa talaka moja." Halafu akaniambia nimalize kwanza kile kiatu ndipo nifunge vitu vyangu, kwa sababu mwenye kiatu angekifuata jioni. Nilikimaliza. Hadi leo sijui kwa nini nilikimaliza.

Miaka ile, baada ya vita vya pili vya Wazungu, mgeni akifika mtaa wetu wa Kanyenye alionyeshwa duka la Mabruki fundi wa ngozi kabla hajauliza. Makubadhi, mikoba, mikanda, matandiko ya punda, vyote vilitoka pale. Aliyekaa mbele akipima nyayo za watu na kuwachekesha alikuwa Mabruki. Aliyekaa nyuma ya pazia akishona nilikuwa mimi. Kazi nilifundishwa na baba, aliyekuwa mpagazi wa misafara ya mwisho kati ya Ujiji na pwani, na misafara ilipokufa akawa mshona matandiko. Shule hakunipeleka, sindano alinipa. Mshono wake, ambao ndio wangu, hurudi nyuma: uzi ukipita mbele unarejea tundu moja, unajifunga, kisha ndipo unaendelea. Ukikatika mahali pamoja, mahali pengine hapafumuki. Tulipooana nilijaribu kumfundisha Mabruki, akashindwa kwa sababu ya haraka. Wateja walipousifu ule mshono alisema ni wake. Mwanzo tulicheka wote wawili. Baadaye mimi niliacha kucheka, na yeye akaanza kuapa.

Aliniacha kwa ajili ya Sikuzani, binti wa mtu aliyempangisha duka. Baba yake alisema mwanawe hataingia uke wenza. Basi, nikaondolewa kama jiwe la mlangoni, mlango upate kufunguka.

Nilikwenda kukaa eda kwa shangazi yangu, Bi Ngollo, huko huko Kanyenye. Damu yangu ilikuwa imeshakatika, kwa hiyo eda yangu ilikuwa ya miezi mitatu ya kuandama. Wanaoijua sheria yetu wanajua uzito wa miezi hiyo. Mume aliyetoa talaka moja anaweza kumrejea mkewe wakati wowote ndani ya eda, kwa neno tu, mke apende asipende. Eda ikiisha, neno lake limekufa. Mimi sikuwa na dua nyingine. Nilitaka mwezi wa tatu uishe Mabruki akiwa hajalitamka lile neno.

Mwezi wa kwanza haujaisha, mtu akapiga hodi. Alikuwa Wenceslaus, mtu wa Puge, Mkatoliki, aliyekuwa akiwatunza mbwa wa Bibi mmoja Mwingereza kule Itetemia. Nilimjua kwa sauti tu, maana kwa miaka mingi alikuwa akileta mikanda ya shingo za mbwa dukani.

"Shikamoo, mayo," alimwambia shangazi, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Marahaba. Kaa huko huko kwenye mkeka wa nje. Suruali yako ina manyoya ya mbwa."

"Nimeyapiga brashi, mayo."

"Yamekurudia."

Akakaa nje. Mimi nilikaa ndani, pazia la mlango katikati yetu, kama ilivyompasa mwanamke wa eda. Akasema, "Namtafuta mkono uliokuwa nyuma ya pazia la Mabruki."

Shangazi akamwuliza nani aliyemwambia kuna mkono.

"Mayo, mimi nimesimama pale dukani miaka yote hiyo. Mabruki anaongea nami, mikono yote miwili anaipunga hewani, na huku nyuma nasikia uzi unavutwa. Nifikiri ni panya?"

Kwa mara ya kwanza tangu nitoke kwa Mabruki, nilicheka.

Shida yake ilikuwa hii. Bibi yake aliwafunza mbwa wa kuokota kwale. Kabla ya kupelekwa porini, mbwa hutupiwa kitu majanini, akikimbilie, akichukue kwa mdomo bila kukiponda, akirudishe mkononi. Mipira iliyokuja kwa gari moshi haikufika mbali. Mbwa wao mkubwa, aliyeitwa Meja, aliipasua, na mtoto mmoja wa mbwa alimeza kipande, kikamkaba koo, akafa mikononi mwa Wenceslaus. Bibi akatupa mipira yote iliyobaki. Alisema atakayemtengenezea kitu ambacho Meja hakiwezi, lakini kisichovunja meno, huyo atapewa kazi zote za ngozi za mbwa wake na banda la kufanyia. Wenceslaus alikuwa amekwenda kwanza kwa Mabruki. Mpira wa ngozi alioshona Mabruki ulifumuka siku ile ile, kabla ya chai ya Bibi.

"Ulifumuka wapi?" niliuliza kutoka ndani.

"Kila mahali," alisema Wenceslaus.

Nilitamani kuikubali ile kazi papo hapo. Shangazi akanyanyua mkono. Alimwambia Wenceslaus aende akapate maji kisimani, na alipoondoka akaniambia, "Una wazimu? Mabruki ameshaona duka haliendi bila wewe. Akisikia na kazi ya yule Mzungu umeishika wewe, kesho asubuhi yuko hapa na mashahidi. Atakurejea, utarudi nyuma ya pazia lile lile, na Sikuzani atakuwa anakutuma sokoni."

"Baba yake Sikuzani hataki."

"Baba yake anataka kodi. Mabruki akimwambia duka litafungwa bila mikono yako, ataridhika. Ila hilo itabidi Mabruki aliseme kwa mdomo wake."

Wenceslaus aliporudi na maji tukakubaliana watatu: mimi nitashona, na Wenceslaus atasema ameshona mwenyewe, mpaka eda iishe.

"Mimi?" alisema Wenceslaus. "Pale Itetemia nikishona kifungo cha shati wananiuliza mke wangu amenikimbia lini."

"Waambie juzi," shangazi akamjibu.

Cha kwanza nilikitengeneza kwa kitu nilichokiamini kuliko vyote, ngozi mbichi ya ng'ombe. Ikishonwa imelowa, ikikauka inabana kama chuma. Hata mpini wa jembe uliopasuka watu huufunga kwayo. Nilikifanya cha mviringo, nikakijaza sufi. Wenceslaus alikichukua kwa furaha, akarudi siku ya pili na mabaki yake ndani ya kikapu kikuukuu.

"Hakukitupilia mbali," alisema. "Alilala nacho kivulini akakila taratibu. Alipomaliza alitazama kama kuna kingine."

"Umempikia," shangazi akaniambia.

Ule ulikuwa ujinga wangu. Nilifikiria nguvu, sikufikiria kuwa kwa mbwa ngozi mbichi ni nyama.

Mabaki yalimwagwa uani. Mate ya mbwa kwetu ni najisi. Yakikugusa na umajimaji, unaosha mara saba, mara moja kwa udongo, na shangazi hakuwa mtu wa kuhesabu hadi sita. Niliyapindua kwa vijiti viwili, kama mtu anayetafuta muhogo ndani ya majivu. Sikuweza kwenda Itetemia kumwona Meja akitafuna, kwa hiyo ilinibidi niyasome meno yake pale chini. Niliona kwamba kile cha mviringo alikuwa amekibana ardhini kwa miguu, akakizungusha hadi jino moja likapata mshono. Likishapata mahali pa kuanzia, mengine yanalifuata.

Cha pili nilikikata kwenye tairi la lori, kama lile la makubadhi ya raba. Wenceslaus alisema Meja alikinusa, akakiinua, akakiweka chini, akaenda kunywa maji. Kilikuwa kizito, na cheusi kama majani yaliyoungua, kikapotea humo; Wenceslaus mwenyewe alikitafuta hadi akakikanyaga.

Nilikaa na mawazo. Shangazi alikuwa akichambua mpunga. Akaniuliza bila kuinua uso, "Huyo mbwa kazi yake ni kula au kubeba?"

"Kubeba."

"Basi mbona hujamfungia mtumba?"

Shangazi alikuwa msichana wakati misafara ingali inapita. Watu wa leo wakisikia mtumba wanafikiri nguo kuukuu. Yeye alikuwa amefunga mitumba yenyewe: nguo za biashara zinakunjwa, zinaviringishwa ndefu na nyembamba, zinapigwa kwa rungu mpaka hewa yote itoke, kisha zinafungwa kwa kamba za magome ya miyombo. Mtumba uliofungwa hivyo ulikaa begani kwa mtu kutoka hapa hadi pwani, ukanyeshewa, ukaangushwa, ukalaliwa, na bado ulifunguliwa umenyooka. Ulikuwa mgumu, lakini ukiuminya unakubali kidogo, ndiyo maana bega halikufa.

Wenceslaus alileta kipande cha turubai la jeshi, rangi ya udongo uliofifia. Tulikikata, tukakiviringisha, shangazi akakipiga kwa mchi wa kinu huku akinisimulia mambo ya watu waliokwisha kufa. Mtumba wetu ulikuwa na urefu wa kiganja na nusu, mwembamba katikati, ili mbwa aushike hapo hapo bila kuchagua. Nikaufunga kwa kamba ya katani. Juu yake nikavika turubai jingine, nikashona kwa uzi uliopakwa nta, mshono ukiwa umegeuzwa ndani. Ncha mbili nilizikunja na kuzizamisha, jino lisipate mlango. Ulipokwisha niliuzungusha mkononi, nikatafuta mahali ambapo ningeanzia kama ningekuwa mbwa. Sikupaona.

Kisha nikafanya kosa ambalo hata sasa shangazi hataki nilitaje. Turubai lilikuwa na harufu ya ghala. Kwetu nguo haitoki nyumbani kwenda kwa mwenyewe bila kufukizwa. Nikatia udi kwenye chetezo, nikauweka mtumba juu yake usiku kucha, ukanukia kama shela la bi harusi.

Wenceslaus alirudi uso umemshuka. "Bibi aliutupa. Meja alikimbia vizuri, akafika, akanusa, akapiga chafya kama padre aliyekosea ugoro. Akarudi mdomo mtupu. Bibi alimtuma tena. Akakaa kitako."

"Mbwa wenu hana adabu," shangazi alisema. "Udi ule umetoka Unguja."

"Mayo, yeye anatafuta kwa pua. Anataka harufu ya mtu anayemjua. Huo wenu ulinuka harusi ya watu wengine."

Nilishona mwingine bila udi. Wenceslaus aliuviringisha katika shati lake la kazini, akalala nao, akaupeleka. Safari hii hakurudi kwa siku nyingi. Nilishaanza kukata tamaa, kumbe alikuwa hana mabaki ya kuniletea. Meja aliubeba asubuhi na jioni, akauzamisha bwawani, ukatoka mzima, akauburuta mchangani. Walipomwachia autafune, alijaribu, akachoka, akaulalia. Bibi aliagiza mingine kwa mbwa wote. Watu wa Itetemia waliuita mtumba wa Meja, na Wenceslaus wakamwita Bi Cherehani. Alivumilia. Sitasahau kwamba alivumilia.

Mwezi wa tatu ulikuwa umekonda ndipo mambo yalipoharibika. Bibi alitaka mtumba mmoja utiwe mkanda wa ngozi wa kurushia. Wenceslaus alikuwa amekwenda Puge kwenye msiba, basi Bibi mwenyewe alipita Kanyenye akauacha dukani kwa Mabruki. Mtu aliyesifiwa kwa mshono fulani miaka yote ile, hata kama hakuushona, anaujua akiuona.

Alikuja baada ya sala ya alasiri, na wazee wawili wa jirani nyuma yake. Nilipowaona wale wawili kupitia pazia, nilirudi nyuma hadi ukutani. Mtu haji kusalimia na mashahidi. Wenceslaus, aliyekuwa amerudi na kusikia habari, alifika nyuma yao akihema, akasimama karibu na ua.

Shangazi aliwatandikia mkeka. Mabruki akafungua karatasi, akautoa ule mtumba.

"Umeniletea mate ya mbwa barazani?" shangazi alimwuliza.

"Umekauka, Bi Ngollo."

"Na wewe utakauka hivyo hivyo. Weka chini."

Akauweka. Akasema kwa ile sauti yake ya dukani, "Nataka kujua nani ameshona kitu hiki."

"Mimi," alisema Wenceslaus.

Mabruki alicheka. "Wewe huwezi kushona hata mdomo wako. Wazee wangu, tazameni mshono huu. Tanganyika nzima ninajua mkono mmoja tu unaoushona." Akageukia pazia. Nilijua maneno yanayofuata, na nilijua hayatachukua pumzi mbili.

Mmoja wa wale wazee, fundi saa aliyekuwa akipenda kuangalia vitu kwa karibu, aliuinua mtumba kwa ncha za karatasi. Akautazama. Kisha akavua kubadhi lake la kulia, akaliweka kando yake.

"Ni mshono huu huu wa makubadhi yangu," alisema. "Basi Mabruki, huo mkono mmoja ni wako. Ulinishonea mwenyewe. Uliniapia hivyo, tena ndani ya Ramadhani."

Mabruki alilitazama lile kubadhi.

"Au hukushona wewe?" mzee akauliza. Hakuwa na hila. Alitaka kujua tu.

Mwenzake akasema, "Lile tandiko lililonunuliwa na mtu wa boma nalo lina mshono huu. Tulikufanyia karamu."

Shangazi alikuwa mwepesi kuliko sisi wote. "Yupo ndani anayeweza kuwaambia," alisema. "Ameishi naye. Mwamvita, mshono huu wa nani?"

Nimeulizwa maswali machache maishani ambayo watu walingoja jibu langu. Hilo ndilo lililokuwa kubwa. Nyuma ya pazia lile nilikuwa na ukweli wangu wote, wa baba yangu na wa vidole vyangu, na mashahidi wawili waadilifu wakisikiliza. Ningesema "wangu," wangeniamini, naye Mabruki angepata sababu ya kumpelekea baba yake Sikuzani, tena bila kuisema yeye. Angesema, mmesikia wenyewe, duka haliwezi kuishi bila mwanamke huyu. Angenirejea pale pale kwenye mkeka.

Nikasema, "Mshono huo ni wa Mabruki. Mimi nilikuwa nikipika."

Mabruki alitazama pazia. Alijua. Bado alikuwa na lile neno mdomoni. Sheria haikumtaka atoe sababu. Lakini kulitamka baada ya hapo kungekuwa kumwambia yule fundi saa kwamba aliapa uongo katika mwezi mtukufu, kumwambia na baba yake Sikuzani, na kila mwenye kiatu Kanyenye. Nilimwona akipima, kama alivyopima nyayo za watu.

"Ndiyo," alisema mwishoni. "Ni wangu. Huyu Wenceslaus ameuiga kwenye mikanda ya mbwa niliyomshonea."

"Nimeuiga," Wenceslaus alisema. "Samahani, fundi."

"Sasa sisi umetuitia nini?" fundi saa akauliza, akivaa kubadhi lake.

"Nilitaka muone watu wanavyoiba kazi."

"Kwa hilo ungetuonyesha dukani," alisema mzee wa pili. Wakainuka. Mabruki aliondoka mbele yao, akauacha mtumba chini.

Mwezi uliandama tukiwa tumesimama uani, na shangazi alinishika mkono akanizungusha nyumba nzima kama mwari. Sikulia. Wiki ile ile nilihamia Itetemia, kwenye banda ambalo Bibi alilitoa, na Wenceslaus akamwambia mshonaji ni mimi tangu mwanzo. Bibi alisema alishangaa kwa muda mrefu jinsi vidole vile vinene vilivyokuwa vikishona. Hakuuliza zaidi. Tangu hapo hakuna mwanamume aliyenitamkia neno la kunipeleka au kunirudisha popote, na kazi haijanikatika.

Lakini Kanyenye habari ilibaki kama tulivyoiacha barazani. Wazee wale ni wakweli, walisema walichosikia: mshono ni wa Mabruki, Wenceslaus aliuiga, Mwamvita akajifunza kwa Wenceslaus. Mabruki hajashona kitu cha maana tangu siku ile, na watu wanasema ni macho. Sikuzani amezaa. Duka lina kibao kipya.

Juzi alikuja mwanamke mmoja kutoka mjini na mkoba uliopasuka. Aliusifia kwanza uzi wangu, akakaa, akanywa maji, akanieleza anavyoutaka.

"Ushone imara," alisema. "Kama alivyokuwa akishona Mabruki zamani. Utaweza?"

Nilimwambia nitajaribu.